Shingo ya Chupa na Joto la Utambi: Je, Kifaa cha Manukato cha Ukutani Kipokee Chupa ya Kila Kampuni?

Kifaa cha manukato kinachochomekwa kwenye soketi kina sehemu mbili zisizozeeka pamoja. Mwili wake wa plastiki, wenye plagi na kipande kidogo kinachopata joto, unaweza kukaa ukutani miaka mitano bila kudai kitu, ilhali chupa inayoning'inia chini yake, yenye takriban mililita 20 za mafuta ya manukato na utambi uliosimama katikati, huisha ndani ya mwezi mmoja au miwili. Kwa chupa sita kwa mwaka, mwili mmoja utamaliza chupa 30 kabla ya kutupwa. Ndiyo maana anayeuza kifaa hiki, awe SC Johnson mwenye chapa ya Glade, Reckitt mwenye Air Wick au Procter & Gamble mwenye Febreze, hatafuti faida yake kwenye mwili; huutoa kwa bei ndogo, mara nyingi pamoja na chupa ya kwanza, kisha husubiri. Swali la kipenyo cha shingo ya chupa, linaloonekana kama jambo la fundi na rula yake, kwa kweli ni swali la nani atauza chupa 29 zinazofuata.

Wanaotaka shingo iwe moja kwa kampuni zote wanasema mnunuzi asifungwe kwa muuzaji mmoja kwa sababu tu ya umbo la plastiki. Wanaotaka kila kampuni ibaki na shingo yake wanajibu kwamba kifaa kinachochanganya umeme na mafuta yanayoweza kuwaka, tena kinachoachwa peke yake usiku na mchana, si mahali pa kila mtu kuleta chake. Hoja zote mbili ni nzito. Hata hivyo, kila ninapozipima naona kwamba pande hizi mbili zinagombania kipimo ambacho si chenye uamuzi: shingo huamua tu kama chupa itakaa mahali pake, lakini kinachoamua kama itafanya kazi, na kama itafanya kazi kwa usalama, ni joto.

Utendaji wake si mgumu kueleza. Utambi, ambao huwa wa nyuzi zilizobanwa au wa plastiki yenye vitundu vidogo mno, hunyonya mafuta kutoka chini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Ncha yake hukaa karibu na kipande kinachopashwa joto kwa umeme wa wati mbili hivi, mafuta yakageuka mvuke, na hewa ya chumba ikaubeba. Kile kigurudumu cha kuongeza na kupunguza harufu, katika vifaa vingi, hakigusi umeme hata kidogo, bali husogeza utambi au kipasha joto ili ncha iwe karibu zaidi au mbali zaidi na joto. Jambo la kuzingatia ni kwamba utambi huja na chupa, hauji na kifaa. Kifaa huleta joto na nafasi. Chupa huleta mafuta, utambi, na kimo cha utambi huo juu ya shingo. Kwa hiyo anayebuni kifaa cha kupokea chupa za wengine anakabidhi nusu ya mashine yake kwa mtu asiyemjua, na hilo ndilo linalolifanya suala hili liwe gumu kuliko la kalamu na wino wake.

Kwa upande wa mnunuzi, hoja yenye nguvu kuliko zote kwa maoni yangu ni ya upatikanaji, hata mbele ya bei. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayenunua kifaa kilichoagizwa kutoka nje hutegemea shehena: mwezi huu chupa zake zipo dukani, mwezi ujao rafu imejaa chupa za kampuni nyingine, na mwaka unaofuata umbo la chupa limebadilishwa na kifaa chake kizima kimekuwa mapambo. Kutupa kifaa kinachopata joto vizuri kabisa kwa sababu tu chupa yake haiji tena ni hasara kwa mwenye nyumba na ni taka kwa jirani wa dampo. Bei hufuata hapo hapo, kwa kuwa muuzaji ambaye chupa yake ndiyo pekee inayoingia hana wa kumfanya apunguze. Halafu kuna uchaguzi wa harufu yenyewe. Kampuni kubwa hutunga manukato kwa ajili ya pua za soko kubwa, na asiyependa lavanda wala harufu ya nguo zilizofuliwa hana pa kwenda.

Pwani ya Afrika Mashariki na Oman zimekuwa na kifaa cha harufu kilicho wazi kwa kila muuzaji tangu zamani, nacho ni chetezo. Chetezo hakimuulizi mtu udi kaununua wapi. Hupokea udi uliotengenezwa Zanzibar, ubani wa Dhofar na vipande vya mti vilivyosafiri kutoka Asia, na vyote hufukiza. Ni mfano unaowapendeza watetezi wa uwazi, nami nilikuwa nikiutumia hivyo hivyo, mpaka nilipotambua kwamba unathibitisha pia hoja ya upande wa pili. Uwazi wa chetezo unafanya kazi kwa sababu kuna mtu amesimama karibu, anayeyafunika makaa kwa jivu yakizidi moto, anayeongeza udi kidogo kidogo, na anayekitoa nje moshi ukibadilika harufu. Yeye ndiye kirekebisha joto. Kifaa cha ukutani hakina mtu huyo. Kimejificha nyuma ya mlango wa msalani, na kitafanya kazi kwa wiki nane bila kuangaliwa na yeyote.

Hapo ndipo wenye kampuni wanapopata sauti, na wanastahili kusikilizwa kwa makini kuliko wanavyosikilizwa kwa kawaida. Manukato si kitu kimoja. Limonini, inayolipa ganda la limau na chungwa harufu yake, huchemka karibu nyuzi 176 za Selsiasi. Linalooli, iliyomo katika lavanda, karibu nyuzi 198. Na yujenoli, ambayo ndiyo roho ya karafuu, karibu nyuzi 254. Ukiziweka zote tatu katika joto moja la chini, limonini itawahi kuondoka, linalooli itafuata, na yujenoli itabaki ikijikusanya kwenye ncha ya utambi hadi vitundu vizibe. Ukipandisha joto ili karafuu inukie, chupa ya limau itaisha kwa siku chache na kukujaza kichwa maumivu. Tena limonini safi hufikia kiwango cha mvuke wake kuweza kushika moto mbele ya cheche katika nyuzi 48 hivi tu, na ndiyo sababu watengenezaji makini huichanganya na vimumunyisho, yaani vimiminika vya kuyazimulia mafuta, visivyo vyepesi kuwaka. Muuzaji wa mtandaoni anayejaza chupa jikoni kwake huenda hajui kwamba kimumunyisho ni sehemu ya usalama, akakiona kama maji ya kuongezea ujazo.

Mafuta hayo pia hula plastiki. Yujenoli hulainisha polistirini, na mafuta mengi ya machungwa hufanya vivyo hivyo. Chupa na kizibo kilichochaguliwa kwa ajili ya mafuta fulani hakiwezi kuaminiwa kwa mafuta mengine. Hili si jambo la mbali nasi. Katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, kisiwani Pemba, mafuta hukamuliwa kutoka katika makonyo ya karafuu, na mtu mwenye bidii akitaka kuyatia katika chupa za ukutani na kuyauza Unguja, Dar au Muscat, atakuwa na bidhaa yenye asili ya kweli na mteja wa kweli, lakini pia atakuwa ameshika mafuta mazito, yenye ukali kwa plastiki, yanayohitaji joto tofauti kabisa na lile la limau. Akinyimwa shingo, amefungiwa soko. Akipewa shingo peke yake, ameachiwa gizani.

Kuna tena chupa ya dawa ya mbu, ambayo wabunifu wa Ulaya huenda wasiifikirie mara mbili lakini katika nchi za joto ni ya kila siku. Chupa hizo, zenye viambata kama transfluthrini au pralethrini, hukaa katika kifaa kinachofanana sana na cha manukato, nazo kwa kawaida huhitaji joto kubwa zaidi. Nchini India, ambako Good Knight na All Out zimo katika nyumba nyingi, watu wamezoea kuchomeka chupa ya kampuni moja katika mashine ya nyingine, na jambo hilo limeenda vizuri kiasi kwa sababu dawa zinakaribiana na joto la mashine linakaribiana. Mtetezi wa uwazi atasema: mnaona, inawezekana. Ni kweli, inawezekana pale ambapo yaliyomo ndani yanafanana. Lakini chupa ya manukato mepesi ikiingia katika mashine ya mbu, au dawa ya mbu ikawekwa kwenye mashine ya manukato isiyoipa joto la kutosha huku mama akiamini mwanawe amelindwa, tunakuwa tumepata ulingano wa shingo na tumepoteza maana ya kifaa.

Hoja ya usalama, hata hivyo, isitumike kama pazia. Mwaka 2002 SC Johnson ilitangaza nchini Marekani kurudishwa kwa takriban vifaa milioni 2.5 vya Glade vilivyokuwa na tundu la ziada la kuchomekea umeme, kwa kuwa baadhi yake vilikuwa vimeunganishwa vibaya na vingeweza kusababisha moto. Kasoro hiyo ilikuwa ya mwili wa kifaa, na chupa ya mtu baki haikuhusika. Tukio moja halimalizi mjadala, lakini linatosha kutukumbusha kwamba shingo iliyofungwa haimlindi mnunuzi dhidi ya makosa ya mwenye shingo.

Hali halisi ya soko ni kwamba shingo hazijafungwa kama kampuni zinavyopenda, wala hazijafunguliwa kama wanunuzi wanavyotaka. Katika masoko ya mtandaoni ya Marekani na Ulaya wapo wauzaji wengi wa chupa zisizo na jina kubwa zinazotangazwa kuwa zinaingia katika vifaa vya Glade na vya Air Wick pia, kwa sababu vipimo vyake vinakaribiana. Neno "vinakaribiana" ndilo lenye matatizo. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka chupa ya namna hiyo katika kifaa cha kampuni nyingine. Iliingia kwa mlio ule ule wa kuridhisha, ila utambi ulikaa upande kidogo, mafuta yakawa yanatambaa nje ya shingo tone kwa tone, na baada ya wiki tatu vanishi ya kabati lililokuwa chini yake ilikuwa imenyanyuka kama ngozi iliyoungua. Aliyeuza kifaa alisema chupa si yake. Aliyeuza chupa alisema alitangaza kwamba inaingia, na kweli iliingia. Nusu uwazi huu, ambao hakuna aliyeubuni na hakuna anayeuwajibikia, ndio ninaouona kuwa mbaya kuliko mfumo uliofungwa kabisa na mbaya kuliko ulio wazi kabisa.

Kampuni zilizojaribu kufunga kwa nguvu zaidi zina la kutufundisha. Keurig, watengenezaji wa mashine za kahawa wa Marekani, waliona hataza muhimu (haki za kipekee za uvumbuzi) za vikombe vyao vya K-Cup, vidogo vyenye kahawa ndani tayari, zikiisha mwaka 2012, na mwaka 2014 wakatoa mashine iliyosoma wino maalumu kwenye kifuniko na kukataa vikombe visivyo na idhini yao. Wanunuzi walikasirika, mauzo ya mashine yakashuka, na mwaka 2015 uongozi ulikiri hadharani kwamba ulikosea kukiondoa kikombe kinachomruhusu mtu kutia kahawa yake mwenyewe. Upande wa sheria nao umezidi kupunguza uwezo wa kufunga: katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark ya mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mwenye hataza akishaiuza bidhaa, haki zake za hataza juu ya bidhaa ile ile zimekwisha, hivyo aliyenunua katriji ya printa ya Lexmark anaweza kuijaza upya. Kwa kufuata mantiki hiyo, anayeijaza upya chupa halisi ya manukato aliyoinunua ana msimamo mzuri zaidi kisheria kuliko anayechonga chupa mpya kwa umbo lenye hataza hai.

Njia ya tatu imechukuliwa na Pura, kampuni ya Marekani yenye kifaa kinachoongozwa kwa simu. Chupa ni ya umbo lao peke yao, ila watunzi wengi wa manukato, kama NEST New York, hualikwa kuweka harufu zao ndani ya chupa hizo. Kwa muundo huu mtengenezaji wa kifaa anajua hasa ni mafuta gani yatakutana na kipasha joto chake, na mnunuzi anapata harufu nyingi. Ni suluhisho zuri kiufundi, na kwa mwenye duka la Nairobi halina faida yoyote, kwa sababu mlango unafunguliwa kwa mwaliko, na mkamuaji mdogo wa mafuta ya mchaichai hayumo katika orodha ya wageni.

Mfano ninaouamini zaidi uko juu ya vichwa vyetu. Nyumba zetu zina taa za pini, za milimita 22, na za skrubu, za milimita 27, na hakuna anayejiuliza kama balbu imetoka kiwanda kimoja na holda yake. Uwazi huo haukuletwa na kipenyo peke yake. Taa iliyotengenezwa vizuri ina maandishi yanayotaja wati zisizopaswa kuzidishwa, na balbu ina maandishi ya wati zake. Fundi husoma mbili hizo na kuzilinganisha. Umoja wa Ulaya ulipolazimisha chaja ya USB-C kwa simu zinazouzwa kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, kilichowezesha jambo hilo kisiwe balaa ni kwamba simu na chaja hukubaliana kwanza kiasi cha umeme kabla ya kuupitisha. Umbo hualika, lakini makubaliano ya nguvu ndiyo yanayolinda.

Kwa hiyo kifaa cha manukato kilicho wazi, kwa maana ninayoitetea, kingekuwa na mambo matatu. Kingekuwa na kipimo kimoja cha shingo pamoja na kimo na unene wa utambi. Kingekuwa na madaraja ya joto, tuseme la chini kwa mafuta mepesi ya machungwa, la kati kwa maua, la juu kwa karafuu na mdalasini, yaliyoandikwa kwenye mwili na kwenye chupa. Na kingekuwa na shingo tofauti kabisa kwa dawa ya mbu, isiyoweza kuingia hata kwa kulazimishwa. La tatu ni rahisi na lingepaswa kufanyika hata kama mengine yakishindikana. La pili lina faida isiyozungumzwa sana, nayo ni kumaliza ule mchezo wa kurushiana lawama: joto la kifaa hupimika, na likikutwa limezidi daraja lake, mwenye kifaa ajibu, likikutwa ndani ya daraja na bado chupa imevuja au kuungua, mwenye chupa ajibu. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya kuvukiza, IEC 60335-2-101, tayari kipo kwa ajili ya usalama wa umeme wa kifaa chenyewe. Kinachokosekana ni ahadi kati ya kifaa na chupa, na hilo ni jambo ambalo mashirika ya viwango kama TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya yangeweza kuanza nalo bila kusubiri Umoja wa Ulaya kule Brussels.

Nakubali kwamba pendekezo hili lina gharama. Kifaa kinachoshika joto lake kwa uaminifu huhitaji kipasha joto kinachojidhibiti, nacho ni ghali kuliko kipande cha waya, na kampuni isiyokuwa na uhakika wa kuuza chupa haitakuwa na sababu ya kutoa mwili kwa bei ya chini. Mnunuzi atalipa zaidi siku ya kwanza. Vilevile kiwango huweza kukausha ubunifu. Febreze wametengeneza vifaa vinavyobadilishana harufu mbili ili pua isizoee, na umbo hilo halingezaliwa chini ya sheria ya shingo moja na utambi mmoja. Jibu langu ni kwamba kiwango kiwe cha hiari na kihusu kifaa cha utambi mmoja tu, kisha anayetaka kujitenga ajitenge akiwa na sababu ya kumwonyesha mnunuzi.

Jambo jingine huliongezea wazo hili nguvu upande wetu wa dunia. Mwili wa kifaa una uraia, chupa haina. Kifaa cha Marekani kimetengenezwa kwa volti 120, na kikipachikwa adapta na kuchomekwa kwenye volti 240 za Mombasa, kipasha joto chake cha kawaida, kisichojidhibiti, kitatoa joto mara nne ya lililokusudiwa, wati mbili zikawa nane. Cha Ubelgiji kitafanya kazi Bujumbura bila shida, na cha Dubai au Muscat kina plagi ile ile ya pini tatu za mraba iliyoko Kampala na Zanzibar. Chupa haijui lolote katika hayo. Ndugu anayerudi kutoka Minneapolis anaweza kuja na chupa kumi ndani ya begi bila kosa, ila mwili auache huko huko.

Sitarajii mwenye sehemu kubwa ya soko aanze kufungua. Atakayeanza ni yule asiye na chupa 29 za kupoteza: mwagizaji wa vifaa visivyo na jina, au mkamuaji wa mafuta anayetaka tu kujua chupa yake itapata joto kiasi gani. Huyo wa pili hawezi kupiga hatua leo hata akipewa kifaa bure. Nimekigeuza changu na kukisoma chini ya taa: kuna volti, kuna hezi, kuna wati, kuna onyo la kutokifunika kwa nguo. Nyuzi joto za kipasha joto hazikuandikwa.